Kopo la Vifungo

Ukipita mtaa ule asubuhi, utaisikia cherehani kabla hujamwona mwenyewe. Chaka-chaka-chaka. Kimya kidogo. Chaka-chaka-chaka. Wateja wanamwita Fundi. Mpe kitambaa na vipimo vyako, kisha nenda zako bila wasiwasi. Gauni utakalolichukua litakukaa kama umezaliwa nalo.

Nyumba yao ni vyumba viwili. Chumba cha mbele ni cha cherehani, meza ya kukatia na vitambaa vya watu. Cha nyuma kina vitanda na kila kitu kingine. Mume wake ni fundi bomba, mtu wa mizaha mingi na mikono mikubwa. Watoto ni wawili, wote wasichana. Mkubwa ana miaka kumi na mitano na hana maneno mengi. Mdogo ana miaka tisa, na jina lake la nyumbani ni Kelele. Sababu ya jina hilo utaijua sasa hivi.

Kila jioni, wakishakula, Fundi aliteremsha kopo la bati kutoka rafuni. Ndani yake mlikuwa na vifungo vinne, vyeupe vitatu na cheusi kimoja. Kila mtu aliingiza mkono bila kuangalia, akatoa kimoja, wala hakukirudisha. Aliyetoa cheusi ndiye aliyeosha vyombo. Baba alianza, kwa kuwa ndiye baba. Akafuata mama, kisha Mkubwa. Kelele alikuwa wa mwisho.

"Mimi tena!" Kelele alipiga ukelele, kifungo cheusi mkononi. "Jana mimi, juzi mimi! Mnanionea!"

"Nani anakuonea? Kopo halina macho," baba alisema, akijinyoosha kitini.

"Ni bahati yako tu, mwanangu," Fundi alisema. "Kesho itageuka."

Kelele akabeba sufuria huku machozi yanamlengalenga. Mambo yalikuwa hivyo tangu mwaka uliopita. Fundi hakuyatilia maanani. Alikuwa na jambo lake lililomkaa rohoni.

Jambo lenyewe lilikuwa mtihani. Chuo cha ushonaji kilikuwa kinatafuta mkufunzi, na Fundi aliitamani kazi hiyo tangu usichana wake. Mkuu wa chuo alikwisha kuiona kazi ya mikono yake. "Kwa kushona sina shaka nawe," alimwambia. "Ila mkufunzi atafundisha vipimo. Lazima apite mtihani wa hesabu." Maswali yalikuwa ishirini. Aliyepata kumi na mawili alipita. Fundi alijaribu mara moja akapata kumi. Chuo kiliruhusu kujaribu mara mbili tu, na mara ya pili ilikuwa baada ya wiki tatu. Akishindwa hapo, ndiyo imetoka.

Ajabu ni kwamba kwa mkasi Fundi hakosei. Anagawa kitambaa nusu, robo, theluthi, huku anaongea na mteja. Lakini mwandikie hesabu hiyo hiyo kwenye karatasi! Viganja vinalowa jasho, na namba zinaanza kucheza mbele ya macho yake. Mtihani wa kwanza aliuficha chini ya rundo la vitambaa, kama mtu anayeficha sahani aliyoivunja.

Asubuhi moja jirani wa nyumba ya pili aliingia na koti lake la kazi. Watu humwita Mkaguzi. Ni dada mwenye miwani na hatua za haraka, na anafanya kazi kwenye kiwanda cha balbu. Kazi yake ni kupima balbu kabla hazijatoka kiwandani.

"Da' Fundi, shikamoo. Kifungo kimekimbia tena."

"Marahaba. Lete, nikakifunge minyororo."

Fundi akavuta vitambaa kutafuta uzi wa rangi ya koti. Karatasi ikaanguka miguuni mwa Mkaguzi, alama nyekundu zimejaa juu yake. Mkaguzi akaiokota. Akaiona.

"Samahani. Sikukusudia kuchungulia."

"Umeshachungulia, mdogo wangu. Cheka tu tumalize."

Mkaguzi hakucheka. Aliweka kidole kwenye swali la tatu. Swali lilisema: 1/2 + 1/3. Fundi alikuwa amejibu 2/5.

"Hili ulilifanyaje?"

"Juu, moja na moja ni mbili. Chini, mbili na tatu ni tano. Mpaka leo sioni kosa langu liko wapi."

Mkaguzi akatazama huku na huku mezani. Akachukua utepe wa mita moja. "Mimi ni mteja. Nikatie nusu ya utepe huu. Ni sentimita ngapi?"

"Hamsini. Hilo nalo ni swali?"

"Sasa niambie, mbili ya tano ya utepe huu ni sentimita ngapi?"

"Gawa mita mara tano, unapata ishirini ishirini. Chukua mbili. Arobaini."

Fundi akautazama utepe. Akaitazama karatasi.

"Ngoja kwanza," alisema polepole. "Nilikuwa na hamsini. Nikaongezewa theluthi nzima. Halafu nikabaki na arobaini?"

"Ndivyo ulivyoandika."

"Mteja angenirukia shingoni!" Fundi akapiga meza kwa kiganja, akaangua kicheko. "Naongeza, napungukiwa! Jamani, nilikuwa wapi siku ile?"

"Ulikuwa kwenye karatasi. Leo uko mezani kwako. Jiulize kila mara, jibu hili lingekubalika kwenye kitambaa?" Mkaguzi alikata vipande viwili vya utepe mwingine, kimoja nusu, kingine theluthi. Akavilaza pamoja. "Unavionaje?"

"Havilingani. Hiki kirefu, hiki kifupi."

"Na vitu visivyolingana hatuhesabu pamoja. Ukiwa na shati moja na soksi moja, huwezi kusema una mashati mawili."

"Kwa hiyo nivikate vilingane."

"Vipi?"

Fundi alishika kipande kirefu, akakikunja mara tatu. Akashika kifupi, akakikunja mara mbili. Vikunjo vyote vikatoka sawasawa. Mikono yake ilikuwa imejua kabla ya kichwa.

"Sita!" alisema. "Kila kikunjo ni sehemu moja ya sita ya utepe mzima. Nusu ni tatu ya sita. Theluthi ni mbili ya sita. Jumla, tano ya sita. Mkaguzi, mdogo wangu, tano ya sita!"

Akaandika 5/6 kwa chaki ya kushonea, kubwa, katikati ya meza. Moyo ulikuwa unamwenda mbio kama msichana aliyeshinda mbio za shule.

"Jaribu 1/4 na 2/3," Mkaguzi alisema, akikaa. Koti alikuwa amelisahau.

"Natafuta namba inayogawanyika kwa nne na kwa tatu. Nane? Hapana, tatu haiingii. Kumi na mbili! Robo ni tatu ya kumi na mbili. Theluthi moja ni nne, kwa hiyo mbili ni nane. Tatu na nane ni kumi na moja. Kumi na moja ya kumi na mbili. Karibu utepe mzima."

"Na ingekubalika kwenye kitambaa?"

"Ingekubalika, tena mteja angenishukuru."

Tangu siku hiyo meza ya kukatia ikawa na kazi mbili. Mchana ilikatiwa nguo. Alasiri, Mkaguzi akitoka kazini, ilikatiwa hesabu. Mume akawa anaingia kwa kunyata na kuuliza, "Mwanafunzi, naruhusiwa kunywa maji?" Hata Mkubwa, aliyekuwa akifanya hesabu zake kimyakimya kwenye kona, alisogeza kiti chake karibu.

Wiki ya pili walifika swali la tisa. Mkaguzi alilisoma kwa sauti. "'Mfuko una shanga nyeupe tatu na nyeusi moja, zote za ukubwa mmoja. Ukitoa moja bila kuangalia, kuna uwezekano gani wa kutoa nyeusi?' Hapa uliandika 1/3."

"Si nyeusi moja, nyeupe tatu? Moja kwa tatu."

"Mkono wako ukiingia mfukoni unakuta shanga ngapi?"

"Nne."

"Na nyeusi imo kwenye hizo nne?"

"Imo." Fundi akajipiga paji la uso. "Kumbe nimeitupa nje kabla sijaigusa! Ni moja ya nne. Robo."

"Umeipata. Chini unaandika zote zinazoweza kutoka. Juu unaandika zile unazoulizwa."

Kelele alikuwa chini ya meza akiokota mabaki ya vitambaa. Kichwa chake kikachomoza. "Anti Mkaguzi, hilo si kopo letu? Vyeupe vitatu, cheusi kimoja!"

"Kopo gani?"

Akaelezwa habari ya kopo. Kelele ndiye aliyeeleza, kwa mikono, miguu na sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Na mimi wa mwisho kila siku! Wa mwisho ndiye anayeonewa!"

"Hapo mtoto ana hoja," baba alisema kutoka mlangoni. Alikuwa ameketi kwenye kizingiti anasafisha spana. "Wa kwanza ana hatari ya robo tu. Wa mwisho hana pa kukimbilia."

"Tuhesabu," Mkaguzi alisema, macho yanang'aa nyuma ya miwani. Akatandaza karatasi ya kahawia ya kukatia mitindo, akachora mraba na kuugawa vyumba vinne. "Mraba huu ni jioni zote mnazochagua. Baba anapata cheusi katika sehemu gani ya jioni hizo?"

"Robo," walijibu wote. Akapaka chumba kimoja.

"Vimebaki vyumba vitatu, maana yake robo tatu. Hizo ni jioni ambazo baba amepona. Sasa kopo lina vifungo vitatu, cheusi kimo. Mama ana hatari gani?"

"Theluthi," Mkubwa alisema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema siku hiyo.

"Theluthi ya nini?"

Mkubwa akainuka, akaja mezani. "Theluthi ya vyumba hivi vitatu. Kimoja tu. Lakini kimoja cha mraba mzima ni robo!"

"Andika."

Mkubwa akaandika: 3/4 × 1/3 = 3/12 = 1/4. Mama yake akamfuata kwa chaki, akipumua kwa nguvu. Vyumba vimebaki viwili. Vifungo vimebaki viwili. Mkubwa anapata nusu ya vyumba viwili. Kimoja. Robo! Kimebaki chumba kimoja na kifungo kimoja. Kelele. Robo!

"Wote robo!" Fundi alisema kwa mshangao. "Wa kwanza, wa mwisho, sawa tu! Ni kweli wa mwisho hana pa kukimbilia, lakini mara nyingi cheusi kimeshatolewa kabla hajafikiwa."

Walifurahi wote, isipokuwa mmoja. Kelele alikuwa anautazama mraba, mdomo umebinuka.

"Kwa hiyo hesabu inasema sionewi?"

"Ndivyo inavyosema, mama," Fundi alimjibu kwa upole.

"Basi hesabu ni mwongo! Mimi ndiye ninayeosha!"

Fundi alifungua kinywa kumkemea. Mkaguzi akainua mkono.

"Usimkemee. Kiwandani mtu akinibishia, sigombani naye. Napima. Jumapili hii nitakuja. Tutachagua mara themanini, na Kelele atakuwa mwandishi. Kama hesabu yetu ni sawa, kila mmoja atapata karibu na ishirini. Haitakuwa ishirini kamili, bahati ina kuyumba kwake. Lakini itakuwa karibu."

Jumapili mchana meza iliondolewa vitambaa. Kelele alikaa mbele ya daftari, penseli imechongwa mpaka inachoma. Wakaanza. Baba, mama, Mkubwa, Kelele. Cheusi kikitoka, kijistari kimoja kwenye daftari, vifungo vyote ndani, kopo linatikiswa, upya. Mwanzoni walicheka. Baada ya mara thelathini vicheko vilipungua. Baada ya mara hamsini Mkaguzi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Themanini!" Kelele akatangaza. Akahesabu vijistari kwa kidole, mara mbili. "Baba sita. Mama kumi na moja. Dada ishirini. Mimi..." Akasimama juu ya kiti. "Mimi arobaini na tatu!"

Fundi aliinama juu ya daftari, akavihesabu vijistari upya.

"Zaidi ya nusu," Fundi alisema kwa sauti ndogo. "Badala ya robo." Alikumbuka masufuria yote na machozi yote. Pia aliogopa kwa upande wake. Kama hesabu aliyoielewa kwa furaha namna ile ilikuwa ya uongo, angeingia na nini kwenye mtihani?

"Tumekosea wapi?" aliuliza. "Robo zilitoka vizuri kabisa."

"Robo ziko sawa," Mkaguzi alisema. "Lakini vitu vikisema tofauti na hesabu, mimi huenda kuvitazama vitu. Nipeni kopo."

Alifumba macho. Akaingiza mkono, akatoa cheusi. Akakirudisha, akatikisa, akatoa cheusi tena. Mara ya tatu, cheusi. Kelele alikuwa anapiga makofi na kuruka.

"Uchawi!"

"Si uchawi. Njoo upapase."

Kelele akaingiza mkono mdogo. Uso wake ukabadilika. "Kimoja ni kinene!"

Mkaguzi alimwaga vifungo mezani. Vitatu vyeupe vilikuwa vya shati, vyembamba na vidogo. Cheusi kilikuwa kifungo cha koti, kinene, na mgongoni kilikuwa na kitundu cha chuma cha kupitishia uzi. Siku ile walipoanza mchezo, Fundi alikuwa amechukua tu kilichokuwa karibu. Aliona rangi. Hakuona kitu kingine.

Macho yote yakamgeukia baba. Baba akaanza kuisafisha spana iliyokuwa safi.

"Baba Watoto," Fundi alisema.

"Mama Watoto."

"Sita kati ya themanini."

"Sasa mnataka niseme nini?" Baba akakuna kichwa. "Mimi fundi bomba. Kazi yangu yote ni kupapasa nyuma ya ukuta nisikokuona. Nikitia mkono, kidole kinaniambia, hiki kinene, kiache. Nilidhani ni ujanja wa halali! Kwani nilichungulia?"

Mkubwa akacheka mpaka akashika mbavu. Lakini Fundi alikuwa anatazama vidole vyake mwenyewe. Kwa miaka kumi na mitano vidole hivyo vilikuwa vinachagua vifungo vya shati bila yeye kutazama. Hakukusudia kudanganya. Mkono wake ulikwenda tu kwenye kile ulichokizoea. Kila mmoja alikikwepa kile kinene kwa namna yake, na kikabaki kinamsubiri mtoto wa miaka tisa aliyefika mwisho.

Alimvuta Kelele, akamkalisha mapajani. "Mwaka mzima unalia kwamba unaonewa. Mimi nikakwambia ni bahati yako. Haikuwa bahati. Ulikuwa unasema kweli, nami sikukusikiliza. Nisamehe, mwanangu."

Kelele alimkumbatia mama yake shingoni, akakaza.

"Na mimi," baba alisema, akiweka spana chini. "Mwezi mmoja naosha vyombo peke yangu. Bila kopo."

"Na masufuria?" Kelele akauliza haraka.

"Na masufuria."

"Yaliyoungua pia?"

"Ala! Haya, yaliyoungua pia."

Fundi akaenda kwenye droo, akatafuta kifungo cheusi cha shati. Akakilaza juu ya kile cheupe. Upana sawa, unene sawa, matundu manne kila kimoja. Akaita kila mtu apapase akiwa amefumba macho. Hakuna aliyeweza kukitambua. Baba alipapasa muda mrefu kuliko wote, akakubali kushindwa.

"Tena themanini!" Kelele akasema.

Wakachagua tena themanini. Safari hii hakuna aliyechoka. Kila kijistari kilipigiwa kelele kama bao. Mwisho Kelele akasoma, sauti inatetemeka kwa furaha. "Baba kumi na tisa. Mama ishirini na mbili. Dada kumi na nane. Mimi ishirini na moja!"

"Robo, robo, robo, robo!" Fundi akapaza sauti, akamshika Mkaguzi mikono, wakazunguka naye katikati ya chumba mpaka pini zikamwagika.

Walipotulia, Mkaguzi alimpa karatasi ya mtihani. "Soma tena swali la tisa. Kila neno."

"'Mfuko una shanga nyeupe tatu na nyeusi moja, zote za ukubwa mmoja...'" Fundi akasimama hapo. "Zote za ukubwa mmoja! Maneno haya nilikuwa nayaruka. Nilidhani wameyaweka kujaza mstari."

"Bila maneno hayo, robo haipo. Nikipima balbu kiwandani, nikichagua zile zinazong'aa tu, namdanganya nani? Nachanganya kwanza, kila balbu iwe na nafasi sawa na mwenzake. Ndipo nahesabu."

Fundi alivitazama vile vipande viwili vya utepe vilivyokunjwa, ambavyo alikuwa amevibandika ukutani. "Ni kitu kile kile," alisema. "Kwenye sehemu, vipande vilingane kwanza. Kwenye uwezekano, nafasi zilingane kwanza. Ndipo nijumlishe, ndipo nizidishe."

"Mimi nilichukua miaka miwili chuoni kuliona hilo," Mkaguzi alisema. "Sasa, koti langu liko wapi?"

Koti lilikuwa bado halina kifungo. Fundi alikishona papo hapo, na uzi aliupitisha mara nane.

Siku ya mtihani Fundi alivaa gauni aliloshona mwenyewe, akaweka kifungo cheusi cha shati mfukoni. Chumba kilikuwa na madawati ishirini na harufu ya chaki. Msimamizi akasema, "Geuzeni karatasi." Viganja vya Fundi vikaanza kulowa. Namba zikaanza kucheza.

Swali la kwanza: 3/4 + 1/6. Akafumba macho. Akauona utepe. Nne na sita, zote zinaingia kwenye kumi na mbili. Tisa na mbili. 11/12. Akafumbua macho. Namba zilikuwa zimetulia mahali pake.

Alikwenda hivyo hivyo mpaka swali la kumi na saba. "Mfuko una shanga nyekundu mbili na nyeupe tatu, za ukubwa mmoja. Mtu anatoa moja, hairudishi, kisha anatoa ya pili. Kuna uwezekano gani kwamba zote mbili ni nyekundu?"

Za ukubwa mmoja. Hapo alitabasamu. Akaandika 2/5 kwa ya kwanza. Kwa ya pili akaandika 2/4, kalamu ikasita. Alimkumbuka Mkubwa akiingiza mkono kwenye kopo lililokwisha kupungua. Shanga zimebaki nne, sawa. Lakini nyekundu moja imeshatoka, imebaki moja tu. Akakata, akaandika 1/4. Mbili ya tano mara moja ya nne, mbili ya ishirini. 1/10. Alikuwa karibu kupiga meza kwa kiganja. Akakumbuka alipo.

Majibu yalibandikwa kwenye ubao wa chuo baada ya mwezi mmoja. Familia yote ilikwenda, na Mkaguzi na koti lake. Fundi hakuweza kutazama. Alisimama nyuma, ameshika kile kifungo mfukoni mpaka kikamwachia alama kiganjani. Kelele alipenya kati ya miguu ya watu mpaka mbele. Kisha mtaa mzima ukajua kwa nini anaitwa Kelele.

"Kumi na saba! Mama yangu ana kumi na saba! Kumi na saba ya ishirini!"

Fundi alilia na kucheka kwa pamoja. Mume wake alimwinua juu mbele za watu, naye akampiga begani kwa aibu, "Niteremshe, mtu mzima mimi!" Mkuu wa chuo akatoka ofisini kuona kuna nini. Akampa mkono. "Mkufunzi," alimwambia, "tunaanza Jumatatu."

Jioni hiyo walikula mpaka wakalegea. Vyombo vilikuwa vingi kuliko siku zote. Mwezi wa baba ulikuwa umekwisha siku chache nyuma, na kopo lilikuwa limerudi kazini. Mkubwa aliliteremsha rafuni.

"Mama asichague leo," baba alisema. "Leo ni siku yake. Tutagawana sisi watatu."

"Mkigawana watatu, kila mmoja wenu anapata theluthi," Fundi alisema. "Na theluthi ni kubwa kuliko robo. Mnataka kuniambia nimefaulu ili watoto wangu waonewe? Nipeni kopo. Na leo tunaanza na Kelele."

Kelele alifumba macho, akatoa cheupe. Mkubwa, cheupe. Baba alipapasa, akahema, akatoa cheupe. Kwenye kopo kilibaki kimoja, na kila mtu alikijua. Fundi aliingiza mkono, akakitoa, akakiinua juu wakione. Cheusi.

Fundi alikunja mikono ya gauni lake la sherehe, mikunjo mitatu iliyolingana kila upande, akaanza kukusanya sahani huku anacheka.

"Leo imeniangukia mimi," alisema. "Kelele, chukua kitambaa. Mimi naosha, wewe unafuta. Na ukifuta, nihesabie, tumefika sehemu gani ya kazi."

"Sahani moja ya kumi na mbili!" Kelele akapaza sauti, na ng'ambo ya mtaa mtu akafunga dirisha.